Kitu cha Tano kwenye Risiti

Palikuwa na nchi, na kwa bahati njema ya wenyewe bado ipo, iliyokuwa na supamaketi moja tu. Zamani zilikuwa nyingi, kila moja na bei zake, na wananchi walikuwa wakizunguka kutoka hii kwenda ile wakilinganisha na kujichosha bure, mpaka Serikali ikawahurumia na kuzifunga zote ikabakiza moja. Hiyo ikaitwa Supamaketi Kuu ya Taifa. Ilikuwa na ghorofa mbili, kiyoyozi kilichofanya kazi siku za wageni, na mashine kumi na mbili za malipo zilizozinduliwa na Mheshimiwa Rais kwa mkono wake mwenyewe.

Uzinduzi ule ndio ulioleta mengine yote. Mheshimiwa alikata utepe, akachukua pipi moja ya kijiti, akaipeleka kwenye mashine. Mashine ikamtoza pipi moja ya kijiti na matairi manne ya trekta. Waziri wa Biashara akaanza kuaga wenzake kwa macho. Lakini Rais aliitazama risiti, akatabasamu, akasema, "Mashine hii inaona mbali." Wiki haikuisha akanunuliwa trekta. Bunge nalo likapitisha Sheria ya Heshima ya Risiti, yenye kifungu kimoja tu: risiti haikosei, na ikionekana imekosea, aliyekosea ni mnunuzi.

Wananchi waliizoea sheria hiyo upesi, maana ni watu waelewa. Rafuni kulikuwa na bei, nayo iliitwa bei ya kutazamia. Kwenye mashine kulikuwa na bei nyingine, iliyoitwa bei ya kuondokea. Risiti ilipokelewa kwa mikono miwili, ikakunjwa bila kutazamwa, ikatiwa mfukoni. Kuisoma mbele ya keshia kulikuwa sawa na kuhesabu vipande vya nyama kwenye sahani ya aliyekukaribisha. Na kama ulifika nyumbani ukaona umetozwa kitu usichonunua, basi kama mwananchi mwema ulijirekebisha ufanane na risiti yako. Mwalimu mkuu mmoja, mlokole, alitozwa kreti tatu za bia, akaanza kunywa akiwa na miaka hamsini na miwili. Alipata tabu mwanzoni, lakini alijitahidi. Bwana mwingine alitozwa chakula cha mbwa, akafuga mbwa, mbwa akamng'ata mkewe. Alitajwa bungeni kama kielelezo cha utii.

Bi Sikudhani Mwaruwa hakuwa mwananchi wa aina hiyo. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, fundi cherehani wa sare za shule, na maisha yake yote alipima kitambaa mara mbili kabla ya kukata. Tabia hiyo ya kupima ilikuwa imemwingia kwenye damu. Alisoma kila kitu: maelekezo ya dawa ya mbu, masharti nyuma ya tiketi, matangazo ya minada ambayo hakuwa na nia ya kwenda. Na alisoma risiti. Watu waliompenda walimwambia aache, naye aliahidi kila mara kwamba ataacha.

*

Jumanne moja, saa nne asubuhi, alichukua sukari kilo moja, majani ya chai, mche wa sabuni na kiberiti. Keshia alikuwa binti mpole aitwaye Leokadia. Alivipitisha vitu, mashine ikalia mara nne, ikatulia kidogo, kisha ikalia mara ya tano yenyewe, bila kuguswa. Sikudhani akatoa noti. Chenji iliyorudi ilikuwa ndogo mno. Akaifungua risiti palepale kaunta, akaanza kusoma kwa sauti ya chini.

"Mwanangu," alisema, "hapa pana kitu cha tano. Maziwa ya mtoto mchanga, kopo kubwa. Mimi sikuchukua maziwa."

Foleni nzima ilisikia. Mzee aliyekuwa nyuma yake aliweka kikapu chake chini taratibu, akakumbuka kwamba ana shughuli mahali pengine.

Leokadia aliinama kama anayetafuta sarafu sakafuni. "Mama, nakuomba. Chukua vitu vyako uende. Mimi nina wiki tatu tu kazini."

"Nitakwenda. Nirudishie hela ya kopo."

"Mashine hairudishi, mama. Haikufundishwa kurudisha."

"Basi nipe hilo kopo."

"Hatuna. Maziwa ya watoto yaliisha mwaka juzi."

Sikudhani alimwonea huruma yule binti, akakusanya vitu vyake akaenda zake mlangoni, akiwa amekwisha kuamua moyoni kwamba yaishe. Na kweli yangeisha, kama mlangoni pasingekuwa na Afande Mbwilo.

Afande Mbwilo alikuwa mlinzi, na kazi yake ilikuwa kulinganisha risiti na mfuko, kisha kuchora mstari mwekundu kwenye karatasi. Katika nchi nyingine mlinzi wa namna hiyo hutafuta kitu kilichomo mfukoni na hakimo kwenye risiti. Afande Mbwilo alipata mafunzo ya ziada. Yeye alitafuta pia kilichomo kwenye risiti na hakimo mfukoni.

"Vitano kwenye karatasi," alisema, akichungulia, "vinne kwenye mfuko. Cha tano umekificha wapi?"

"Sikukinunua, afande."

"Umekilipia?"

"Nimelipishwa."

"Basi umekiiba."

Sikudhani alimtazama aone kama anatania. "Nimeiba kitu nilichokilipia?"

"Mama," Afande Mbwilo alisema kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, "kuiba usicholipia ni tabia ya vibaka, tunawapiga makofi mawili wanakwenda zao. Kuiba ulicholipia ni dharau kwa Taifa."

*

Hata hivyo Afande Mbwilo hakuwa na roho mbaya, au alikuwa nayo lakini ilikuwa mapumzikoni. Alimshika Sikudhani mkono akampeleka kwenye Dawati la Huduma kwa Mteja. Dawati hilo lilikuwa ghorofa ya pili, chini ya bango lililoandikwa KERO YAKO NI FURAHA YETU. Bango lilisema kweli tupu.

Karani wa dawati alimweleza kwamba malalamiko hupokelewa kwa fomu tu, na fomu huuzwa chini, mashine namba kumi na mbili. Sikudhani akashuka, akanunua fomu, akapanda na risiti yake bila kuisoma, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, maana miguu ilikuwa inamuuma. Karani ndiye aliyeisoma. Uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Hongera sana, mama! Wa kike au wa kiume?"

"Nani?"

"Mtoto! Naona hapa. Fomu ya malalamiko, moja. Nepi, pakiti mbili. Poda ya mtoto, kopo moja." Akageukia chumba cha ndani. "Jamani, njooni mumwone mama huyu! Na umri huu!"

Wakatoka watu watano wakampigia makofi. Mmoja alitaka kumfunga kanga tumboni. Sikudhani alisema hana mtoto. Alilisema hilo mara tatu, kila mara kwa sauti iliyopanda kidogo kuliko ya kwanza, na karani akaliandika mara tatu kwenye fomu, mahali palipoandikwa "Dalili za uchovu wa uzazi".

Baada ya siku mbili aliitwa kwa Mkurugenzi wa Idara ya Ukweli wa Risiti, Mheshimiwa Daktari Burhani Kigwasu. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye kalamu nne kwenye mfuko wa shati, na alipenda kuzungumza na wananchi wa kawaida kwa sababu hawakuwa na namna ya kuondoka.

"Ndugu mwananchi," alianza, akiwa amesimama ingawa walikuwa wawili tu chumbani, "Taifa hujengwa kwa vitu viwili: imani na karatasi. Imani yako tumekwisha kuiona ilivyo haba. Sasa tuzitegemee karatasi. Ya kwanza inasema maziwa. Ya pili inasema nepi, na inasema poda. Wewe ni fundi. Ukiona mkono, ukaona kola, ukaona vifungo sita, utasema nini?"

"Nitasema ni shati, mheshimiwa."

"Na mimi nasema ni mtoto."

"Nina miaka hamsini na minane."

"Ndiyo maana tunashangilia! Wizara ya Afya imekwisha kuagiza keki." Akafungua jalada. "Jina tumelitoa chini ya risiti, palipoandikwa Asante Karibu Tena. Asante ni lake mwenyewe, Karibu ni la baba, Tena ni la ukoo. Kadi ya kliniki hii hapa. Namba ya mlipakodi hii hapa. Jumatatu umlete apimwe uzito."

Sikudhani alirudi nyumbani na kadi mkononi. Njiani alicheka peke yake mpaka watu wakamtazama. Alidhani kwamba upuuzi ukifika kiwango fulani huchoka wenyewe na kukaa chini. Alikuwa mtu mzima, lakini hakuijua nchi yake.

*

Jumatatu Asante Karibu Tena hakufika kliniki. Jumanne jina lake lilisomwa redioni. Jumatano askari sita na mpiga picha mmoja walikwenda nyumbani kwa Sikudhani kumtafuta.

Walianza kwa jirani, Mama Nasoro, mwanamke mwaminifu aliyemjua Sikudhani kwa miaka ishirini na aliyekula futari kwake kila Ramadhani. Wakamuuliza kama amewahi kusikia mtoto akilia humo ndani. Mama Nasoro akasema hapana. Wakamwonyesha risiti yake mwenyewe ya mwezi uliopita, ambayo hakuwahi kuisoma, iliyokuwa na bunduki moja na risasi arobaini, wakamuuliza vimewekwa wapi. Mama Nasoro akafikiri, akasema sasa anakumbuka vizuri. Mtoto alikuwa akilia. Alilia kwa adabu, ndiyo maana hakumsikia mapema.

Ndani ya nyumba hapakuwa na mtoto. Walikuta cherehani, mabaki ya vitambaa vya sare, picha ya marehemu mume wake, Athumani. Walipasua godoro na kumwaga mchele. Kisha askari mmoja akafungua bati la biskuti lililokuwa juu ya kabati, akatoa kofia ndogo ya sufu, nyeupe, iliyogeuka manjano kwa kukaa sana. Ilikuwa ndogo kiasi cha kuvikwa chungwa. Mpiga picha akapiga kelele kwa furaha.

"Hiyo muiache," Sikudhani alisema. "Chukueni cherehani. Hiyo muiache."

Wakaichukua hiyo.

*

Daktari Kigwasu alikuwa ameiweka kofia mezani, ndani ya mfuko wa nailoni wenye lebo ya kielelezo. Safari hii alikuwa amekaa, jambo ambalo kwake lilikuwa dalili ya mambo mazito.

"Ya nani hii?"

"Ya mwanangu."

Kalamu zote nne zilitikisika mfukoni. "Kwa hiyo mtoto alikuwapo!"

"Alikuwapo. Miaka thelathini na mmoja iliyopita. Aliitwa Mashavu, kwa sababu alikuja nayo." Sikudhani alikuwa akiitazama ile kofia, si yule mtu. "Aliishi siku tatu. Nilikwenda kwenye ofisi ya vizazi na kikaratasi cha hospitali, karani akaniambia asiyefikisha siku saba haandikwi, wino ni wa wanaobaki. Tukamzika kwenye kile kiwanja cha makaburi madogo. Baadaye mkakitia lami. Ndipo mnapoegesha magari ya wateja."

Ilimuuma kusema hayo kuliko alivyotazamia. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna mtu aliyemuuliza, na aliyekuja kumuuliza mwishowe alikuwa huyu.

Daktari Kigwasu aliinamisha kichwa kwa heshima, akipiga hesabu zake. Kesi ilikuwa imefika Ikulu. Mheshimiwa Rais alikuwa ameuliza mara mbili kuhusu mtoto wa risiti, na ilibidi mtoto apatikane, au apatikane mtu wa kulaumiwa.

"Sikiliza, mama," alisema, na kwa mara ya kwanza aliacha kumwita ndugu mwananchi. "Jambo lako ni jepesi. Sheria inasema mwanamke ambaye hajawahi kuzaa, akinunua maziwa ya mtoto, huo ni mchango wa hiari kwa Taifa. Anapewa cheti, anakwenda nyumbani. Mwanamke aliyewahi kuzaa, akinunua maziwa na mtoto haonekani, huyo ni muuaji. Kwa hiyo swali ni moja tu. Hii hapa Hati ya Kutozaa. Imeandikwa, 'Mimi sijawahi kubeba wala kuzaa mtoto yeyote.' Tia sahihi, kofia tutaichoma, na saa saba mchana uko kwako unapika."

"Na Mashavu?"

"Mashavu gani? Hayumo popote."

Sikudhani aliichukua hati akaisoma. Ilikuwa sentensi moja tu, kwa hiyo aliisoma mara nyingi.

"Na nisipotia sahihi?"

"Utashitakiwa kwa kumuua. Miaka tisa. Na utatuongezea kazi, kwa sababu kwanza itabidi tumwandike. Mtu hashitakiwi kwa kumuua ambaye hayumo kwenye daftari. Wakili yeyote wa mwaka wa kwanza angetucheka."

"Mtamwandika kwenye daftari la vizazi?"

"Ukurasa mzima. Kizazi upande huu, kifo upande ule."

"Kwa jina lake? Si hilo la Asante?"

"Jina utakalolitaja wewe, wewe ndiye mama."

"Na tarehe zake za kweli?"

"Zozote unazotaka. Mahakama zetu hazibishani na tarehe." Daktari Kigwasu alianza kuona mazungumzo yanakwenda upande asioutarajia. "Mama, labda hukunielewa. Sababu ya kifo itaandikwa kwamba ulimnyima maziwa. Hayo ya Jumanne. Yatasomwa redioni. Jirani zako watatema mate wakipita mlangoni pako. Utatoka gerezani una miaka sitini na saba, kama utatoka."

"Nimekuelewa."

"Unaweza kwenda nyumbani sasa hivi!"

"Leteni daftari," Sikudhani alisema.

Daftari lililetwa, kubwa, lenye jalada la kitambaa cha kijani. Daktari Kigwasu mwenyewe ndiye aliyeandika, kwa sababu hakumwamini karani kwa jambo lenye macho ya Ikulu. Sikudhani alimtajia na yeye akaandika: Mashavu binti Athumani, jinsi ya kike, tarehe, saa, kata, uzito. Aliishi siku tatu. Akaandika sababu ya kifo kwa mwandiko mzuri, kunyimwa maziwa na mama mzazi, akapuliza wino ukauke, akalisukuma daftari upande wa pili wa meza na kuchovya kalamu kwa ajili yake. Alikuwa na haraka. Gari la kwenda Ikulu lilikuwa linanguruma chini.

Sikudhani hakuipokea kalamu. Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza kusoma. Alisoma jina. Alisoma tarehe. Alipofika kwenye sababu ya kifo alisimama, machozi yakamtoka wazi bila kuyafuta, kwa sababu ulikuwa uongo mkubwa kuliko uongo wote aliowahi kuusoma kwenye karatasi yoyote ya nchi ile. Yule mtoto alinyonya mpaka saa ya mwisho. Daktari Kigwasu alidhani sasa atabadili mawazo, akaivuta Hati ya Kutozaa karibu. Lakini kidole kikapita, kikashuka mstari unaofuata.

"Hapa pana kosa," alisema Sikudhani.

"Wapi?"

"Kwenye uzito. Mmeandika kilo tatu. Nilikwambia mbili na robo."

Daktari Kigwasu alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. "Mama, sisi huwa tunapandisha. Ndiyo kawaida ya mizani zetu zote. Unakwenda jela miaka tisa, unabishania robo tatu ya kilo?"

"Mwanangu alikuwa kilo mbili na robo. Nilimbeba mimi. Rekebisha."

Honi ililia chini mara mbili. Daktari Kigwasu alitazama saa, akatazama dirisha, akatukana kimoyomoyo. Kisha akachomoa kalamu ya pili mfukoni, akakata ile tatu, akaandika juu yake mbili na robo, akagonga muhuri wa Jamhuri ubavuni kuthibitisha masahihisho.

Sikudhani alirudia kusoma ukurasa wote kutoka juu. Halafu akatia sahihi.